Wewe Uko Likizo, Mimi Niko Nyumbani

Ule mjadala wa mwezi uliopita kuhusu wivu umenikomesha, meseji zinaingia mpaka leo! Lakini mwezi huu naomba ruhusa tubadilishane viti. Siku zote ninyi ndio mnaoniletea yenu na mimi nakaa pembeni kama mshenga. Leo nakuja na langu.

Wale wa siku nyingi mnajua kwamba huwa namtaja "mpenzi wangu" humu mara moja moja. Mpenzi wangu mkimya, mpenzi wangu hapendi simu ndefu, mpenzi wangu yuko kusini. Na ninyi kwa ukarimu wenu hamkosi kuniandikia, "Msalimie shemeji." Salamu zimefika zote, asanteni. Ila kuna kitu hamkuuliza, na mimi nikakaa kimya, maana Kiswahili chetu kina stara yake. "Mpenzi" ni mpenzi tu. "Yeye" ni yeye. Shemeji naye ni shemeji, awe wa kike au wa kiume.

Shemeji yenu ni mwanaume. Na mimi ni mwanaume.

Kama umefunga ukurasa hapo, sikulaumu. Kama bado upo, vuta kiti, maana habari yenyewe ni ya likizo, na mapenzi ya likizo nadhani hakuna kati yetu asiyeyajua.

SAFARI YA KUSINI

Ilikuwa Novemba 2023. Kazini nilikuwa nimebakiwa na likizo yangu yote ya siku 28, nimechoka na foleni za Dar, nimechoka na watu. Shangazi yangu aliyeolewa Nachingwea alikuwa ananipigia kila wiki: "Baba, utakuja kunizika ndiyo unione?" Nikaona isiwe tabu. Nikapanda basi Mbagala alfajiri, tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, tukala samaki wa kukaanga Somanga, tukakata kona Mnazi Mmoja, Mtama hiyo, Nyangao hiyo, Nanganga hiyo... Jioni niko Nambambo, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Nambambo ni sehemu ya mji wa Nachingwea. Usitegemee maghorofa. Utakuta miembe, mikorosho, baiskeli, na watu wanaokusalimia mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Novemba ni msimu, na wenyeji wa kusini wanaelewa nikisema msimu. Korosho zinaokotwa, mabibo yananuka utamu kila kona, minada imeanza, na kila mtu anasubiri hela yake. Hata mwenye madeni anatembea kifua mbele.

Mimi, kama hunijui, ni mtu wa maneno. Nikiingia kwenye daladala, mpaka nashuka nina marafiki watatu. Nacheka kwa sauti, naimba bafuni, nikinuna nyumba nzima inajua. Siku ya tatu tu Nambambo watoto walikuwa wananiita "Mjomba Redio".

Shangazi akaniambia, "Basi hiyo redio ikanisaidie kubeba magunia." Nikampelekea korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi. Na pale, nyuma ya mizani, ndiko nilikomkuta.

MTU WA MIZANI

Sitamtaja jina. Mrefu, mweusi wa kung'aa, shati limepigwa pasi kana kwamba kuna harusi. Nikamwaga salamu zangu zote za mjini, nikamtania, nikauliza kama mizani yake haina njaa kama za sokoni kwetu. Wenzake wakacheka. Yeye akasubiri mshale utulie, akasoma, akaandika, akasema, "Sitini na nne." Basi. Akaita gunia linalofuata.

Ukweli ni kwamba nilimaindi! Mtu gani hatabasamu? Kesho yake nikarudi na gunia moja ambalo lingeweza kusubiri wiki nzima. Keshokutwa nikarudi bila gunia. Siku hiyo ndiyo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akauliza, "Leo unapima nini, kaka?"

Sikuwa na jibu. Mimi, Redio, nikakosa jibu!

Jioni hiyo alipofunga ghala tulitembea pamoja. Hakuongea mpaka tumetoka nje kidogo ya mji, akanionyesha mahali ambapo zamani, alisema, reli ilipita. Wengi hatujui kama Nachingwea iliwahi kuwa na reli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo matatu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, wakaleta mainjinia, wakajenga bandari Mtwara, wakatandika na reli ya kusafirishia karanga. Mvua hazikufuata mahesabu ya London, ardhi ikawashinda, na mwaka 1951 mradi ukatupwa. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962.

"Walijenga kila kitu," akasema, "kabla hawajaijua ardhi."

Nilidhani ananipa historia. Baadaye nilipomzoea ndipo nikagundua kwamba alikuwa anazungumza nami. Yule bwana ana tabia ya kukuwekea neno, halafu anakuachia ukalipime mwenyewe.

MIKONO MITUPU

Sasa, mpenzi msomaji, nikupe kichekesho kimoja. Mwanaume na mwanamke ambao hawajaoana wakishikana mikono barabarani Nambambo, jioni habari imefika mpaka msikitini na kanisani. Wanaume wawili wakishikana vidole wakitembea, hakuna anayegeuza shingo. Ni washikaji hao, wanatoka shamba. Ndivyo tulivyolelewa, kaka na kaka kushikana mikono ni upendo wa kawaida tu. Kwa hiyo sisi tulijificha hadharani. Tulipita mbele ya shangazi tumeshikana mikono naye akasema, "Nafurahi umepata mwenzio, maana ulikuwa unanichosha."

Yeye ana kashamba ka mikorosho nje ya mji, na kibanda cha kulindia mazao wakati wa msimu. Nikajitolea kwenda kulinda naye. Nani atashangaa? Walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. Tulichemsha ming'oko, tukala na chumvi na pilipili. Akanionjesha uraka uliokamuliwa kwenye mabibo, nikaona nyota mbilimbili. Usiku wa pili mvua za kwanza zikashuka, bati likapiga kelele hata mimi sikuweza kushindana nalo. Nikanyamaza. Na katika ule ukimya ndipo aliposogea.

Hapo nafunga pazia. Jarida letu linasomwa na wakwe.

Niseme tu kwamba sijawahi kusikilizwa na mtu vile. Wapenzi wangu wa mjini walikuwa watu wa aina yangu, wawili tunaongea kwa mpigo, hakuna anayesikia. Huyu nikimwambia jambo Jumatatu, Alhamisi ananiuliza, "Lile la mama yako uliamuaje?" Na yeye alisema hajawahi kucheka kiasi kile tangu azikwe baba yake. Kumbe alikuwa na kicheko! Kidogo, cha puani, kama mtu anayebana kikohozi. Nilikuwa nakitafuta kutwa nzima kama mtu anayetafuta mtandao juu ya kichuguu.

NILIVYOHARIBU

Wiki ya tatu nikalewa. Silewi pombe sana, nililewa raha. Unajua mtu akiwa likizo kila kitu anakiona chepesi? Hakuna bosi, hakuna kodi ya nyumba, hata hatari inaonekana iko mbali kama mlima.

Kwanza ilikuwa kwenye kibanda umiza, tunatazama mpira. Timu yangu ikafunga, nikaruka, nikamkumbatia, na katika kelele zile nikamwita neno ambalo nilikuwa namwita kibandani. Vijana wawili wa nyuma wakatazamana. Yeye akaondoa mikono yangu taratibu, akakaa.

Mimi sikujifunza. Usiku ule nikaweka picha kwenye stetasi yangu ya WhatsApp. Si ya uso, nilijiona mjanja! Ni mkono wake tu, umeshika kalamu juu ya daftari la mizani, na chini nikaandika, "Nimefika nyumbani." Na moyo mwekundu. Nikalala kama mtoto.

Lakini ule mkono una kovu kuanzia gumbani mpaka kwenye kiwiko, na Nachingwea nzima inalijua kovu lile. Binamu yangu ndiye wa kwanza kuniuliza asubuhi, huku anacheka, "Kaka, huu si mkono wa fulani?" Saa nne vijana walioleta magunia wakamuuliza palepale mbele ya watu, "Shemeji wetu wa Dar hajambo?"

Alikuja jioni. Hakukaa. Nikaanza kumiminika kama kawaida yangu: nimeshafuta, ni watu wachache tu wameona, utani wa vijana huo, utapita, na kwani lazima tuishi kwa hofu mpaka lini? Nikamwambia hata mambo ya ushujaa. Akaniacha nimalize. Halafu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo ninapoandika.

"Wewe uko likizo. Mimi niko nyumbani."

Akageuka akaenda zake.

KILICHOKUWA MEZANI

Kwa wasiojua kwa nini mkono na moyo mwekundu vinaweza kuwa jambo zito, niseme bila kuzunguka. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa yale ambayo watu wazima wawili kama sisi wamekubaliana. Chimbuko lake ni sheria za mkoloni Mwingereza, yule yule wa karanga, na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ikaongeza makali ya adhabu. Mwingereza mwenyewe kwao alianza kuifuta sheria ya namna hiyo mwaka 1967. Kwetu reli yake ilifungwa, kifungu chake kikabaki.

Halafu kuna yale yasiyohitaji mahakama. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza kamati ya kuwasaka watu kama sisi na akawaomba wananchi wapeleke majina. Serikali ilitoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, lakini mimi nilikuwa nimeshafuta namba za watu kwenye simu yangu na kulala kwa rafiki mwezi mzima. Nilikuwa na mahali pa kulala. Dar ni kubwa, ukisemwa Temeke unahamia Kimara.

Yeye atahamia wapi? Mikorosho haibebeki kwenye begi. Mama yake yuko pale, kaburi la baba yake liko pale, mizani anayoiheshimu iko pale. Mimi tarehe yangu ikifika napanda basi, yale mazungumzo ya kibanda umiza anabaki nayo yeye, kila siku, kila gunia. Mimi nilileta ushujaa wa mtu mwenye tiketi ya kurudi.

SIKU YA MAGUNIA

Nilitaka kumwomba msamaha kwa namna yangu: barua ndefu, machozi, pengine na wimbo. Shangazi ndiye aliyeniokoa. Sijui alikuwa anajua nini na sitamuuliza. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso, akasema, "Baba, mtu mkimya huombwi msamaha naye kwa kelele. Utakuwa unamwongezea."

Kesho yake nilikwenda ghalani saa moja asubuhi. Sikusema neno. Wapagazi walikuwa pungufu, nikaingia kwenye mstari, nikabeba magunia. Vijana wakanitupia maneno, nikawajibu kama mgeni yeyote anavyowajibu watani wake, utani wa kawaida, nikawatania na wao mpaka wakasahau walichoanzia. Sikumtazama hata mara moja. Nilibeba mpaka saa kumi, mabega yakachubuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa karibu na mtu ninayempenda kutwa nzima bila kudai anione.

Alipofunga ghala akapita karibu yangu. "Umebeba arobaini na moja," akasema. Alikuwa amehesabu.

Siku zilizobaki nilikuwa na adabu. Sikwenda kibandani kila usiku, nilikwenda mara mbili tu. Shamba likawa shamba kweli, tuliokota korosho.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza stendi, watu wawili wanaume na begi moja, kawaida kabisa. Akanipa mfuko wa korosho zilizobanguliwa. "Kilo moja na gramu hamsini," akasema. Nikamuuliza, hiyo hamsini ni ya nini? Akafikiri. "Hiyo ni ya yale ambayo sikusema." Basi likaondoka, na mimi Redio nikakaa kimya mpaka Somanga.

BAADA YA LIKIZO

Ninyi mnaoniandikia kuhusu mapenzi ya likizo, wengi swali lenu ni moja: je, yatadumu? Mimi nawajibu kwa uzoefu, kipimo ni miezi ile ya katikati ambayo hakuna bahari wala mabibo. Sisi tulikuwa karibu tushindwe. Kwenye simu mkimya ni mateso! Napiga, naongea dakika ishirini, upande wa pili nasikia jogoo tu. Nikaanza kudhani amenichoka. Yeye kumbe alidhani mimi ndiye ninayejaza maneno kwa kuwa moyo umeshaondoka.

Nilipanga kwenda Mei 2024. Wiki hiyo hiyo kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama huku na huku. Nikampigia nikiwa nimekata tamaa. Akasema, "Barabara itatengenezwa." Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Siku mbili baadaye ndipo nikaelewa kwamba hiyo ilikuwa barua yake ya mapenzi.

Barabara ilitengenezwa. Nimekwenda mara tatu tangu siku hiyo, kila mara kumsaidia shangazi magunia.

Kuna filamu ya Kenya inaitwa I Am Samuel, ya mwaka 2020, iliyotengenezwa na Peter Murimi kwa miaka mitano. Inamfuata Samuel, kijana aliyekulia kijijini, na mwenzake Alex waliyekutana Nairobi, na wazee wa Samuel kule shamba wanaongoja alete mke. Septemba 2021 bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mimi naikumbuka kwa jambo moja tu: mjini wale vijana wana marafiki na kicheko, lakini moyo wa Samuel unarudi shamba kila mara. Nilipomsimulia mwenzangu aliuliza, "Na yule mzee, baba yake, alikuja kumsemesha mwenzake?" Hakuuliza kuhusu marufuku. Aliuliza kuhusu mzee.

Basi, wapenzi wasomaji, somo langu la mwezi huu ni fupi na halichagui wa kike wala wa kiume. Dada unayekutana na mvuvi Kilwa, kaka unayempata mhudumu wa hoteli Nungwi, mwenye likizo jiulize swali moja kabla hujatangaza raha yako: nani atabaki hapa nikishaondoka, na atabaki na nini? Na wewe mwenye maneno uliyempenda mkimya, usidhani ukimya ni chumba kitupu cha kujaza vyombo vyako. Ingia polepole, pengine kuna mtu amekaa humo. Na wewe mkimya, tafadhali, mara moja moja sema! Sisi wengine hatujui kusoma mizani.

Mtaniuliza, je, yeye ameridhia niandike? Swali zuri, nimejifunza kuliuliza kwa shida. Kuna mambo humu nimeyabadilisha ili asijulikane, na sitasema yapi. Kisha nikampigia nikamsomea yote, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia jogoo wake. Halafu akasema, "Kuna sentensi moja uitoe."

Nimeitoa. Ilikuwa nzuri kuliko zote.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa. Na salamu zenu za shemeji, endeleeni kuzileta. Zinafika.